Rangi za Askari wa Kikelti

Mwandishi wa historia ana ruhusa moja ambayo mpakaji wa rangi hana, nayo ni ruhusa ya kunyamaza. Akiandika kwamba katika mwaka 225 kabla ya Kristo jeshi la Wakelti lilishindwa na Warumi mahali paitwapo Telamon, katika pwani ya Italia, hakuna amwulizaye suruali za askari wale zilikuwa na rangi gani, au kama ngao zao zilipambwa, au kama nywele zao zilianguka mabegani ama zilisimama. Aweza kuyapita yote hayo kwa sentensi moja, na msomaji asihisi upungufu. Lakini mtu aliyeketi mezani na burashi mkononi, mbele yake kisanamu cha askari huyo huyo ambacho kimo chake hakipiti pingili moja ya kidole gumba, hana ruhusa hiyo. Suruali haina budi kupata rangi. Ngao haina budi ama kupambwa ama kuachwa tupu, na kuiacha tupu nako ni kusema jambo. Kila mahali ambapo kalamu ilinyamaza, burashi hulazimishwa kujibu.

Kwa sababu hiyo kazi hii, ambayo watu wengi huihesabu kuwa mchezo wa watoto au burudani ya watu wenye nafasi, yastahili kutazamwa na mwanafunzi wa historia. Nia ya insha hii ni kuonyesha kwamba kumpaka rangi askari wa Kikelti kwa haki ni kazi ya kupima mashahidi, na kwamba hukumu itolewayo mezani pale ni hukumu juu ya watu ambao hawakuacha kitabu cha kujieleza wenyewe.

Kisanamu cha askari kina ukoo mrefu. Mji wa Nuremberg, katika Ujerumani, ulikuwa mashuhuri tangu karne ya 18 kwa askari wa bati walio bapa kama sarafu, na mwaka 1839 Ernst Heinrichsen alianzisha huko karakana iliyoeneza askari hao katika nchi nyingi. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ilianza kuuza askari wa risasi walio wazi ndani, wepesi na wa bei nafuu. Na mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells alitoa kitabu chake Little Wars, kilichoweka kanuni za kupiganisha majeshi hayo sakafuni. Baadaye wakatokea watu walioanza kuuliza maswali mengine: Je, vifungo vilikuwa vingapi? Je, ukosi ulikuwa wa rangi gani? Kwa majeshi ya karne ya 19 maswali hayo yana majibu, kwa maana amri za serikali zilizoagiza sare zimehifadhiwa. Kwa Wakelti hakuna amri wala sare. Hapo ndipo uzito wa kazi unapoanza.

Msomaji wa Kiswahili huenda amekwisha kukutana na Wakelti pasipo kuwatambua. Wagalatia, ambao Mtume Paulo aliwaandikia waraka, walikaa katika nchi iliyopata jina lake kutokana na makabila ya Kikelti yaliyovuka kuingia Asia Ndogo yapata mwaka 278 kabla ya Kristo. Wayunani waliwaita watu hao Keltoi au Galatai. Warumi waliwaita Galli, na nchi yao kuu, ambayo sehemu yake kubwa leo ni Ufaransa, ikaitwa Galia. Makabila yaliyosema lugha za Kikelti yalienea toka visiwa vya Ireland na Uingereza hadi Hispania, na toka Galia kufuata mto Danube hadi Asia Ndogo. Hawakuwa na mfalme mmoja wala mji mkuu mmoja. Wataalamu wa mambo ya kale hugawa historia yao kwa majina ya mahali pawili palipochimbuliwa katika karne ya 19. Pa kwanza ni Hallstatt katika Austria, ambako Johann Georg Ramsauer alianza mwaka 1846 kufukua makaburi yaliyofikia karibu elfu moja. Pa pili ni La Tène katika Uswisi, ukingoni mwa ziwa Neuchâtel, ambako tangu mwaka 1857 zilitolewa panga, mikuki na ngao kwa wingi. Jina la Hallstatt latumika kwa Zama za Chuma tangu yapata mwaka 800 hadi 450 kabla ya Kristo, na jina la La Tène kwa muda uliofuata mpaka Warumi walipozitwaa nchi hizo.

Kutokana na hayo yafuata kwamba swali la kwanza la mpakaji si swali la rangi. Ni swali la mwaka na mahali. Mkuu aliyezikwa katika nchi ya Ujerumani yapata mwaka 530 kabla ya Kristo, askari aliyepigana Italia mwaka 225, na mtu wa Britania aliyemkabili Julius Caesar kwa gari la vita mwaka 54, wote huuzwa madukani chini ya jina moja la Wakelti. Walakini kati ya wa kwanza na wa mwisho kuna miaka mia nne na sabini na zaidi. Kumpa mmoja silaha za mwingine ni kosa kubwa kuliko kumvika askari wa Napoleon kofia ya Vita Kuu ya Pili, kwa maana hao wawili watenganishwa na miaka mia na thelathini tu. Maadamu mpakaji hajaandika chini ya kisanamu chake mwaka na nchi, hana haki ya kufungua kopo hata moja la rangi.

Akisha kuyaandika hayo, aweza kuwaita mashahidi. Nao ni watatu: kalamu ya adui, mkono wa Wakelti wenyewe, na udongo.

Kalamu ya adui ndiyo isemayo kwa ufasaha kuliko wote. Polybius, Myunani aliyeandika habari za kukua kwa dola ya Rumi, asimulia kwamba pale Telamon makabila ya Insubres na Boii walivaa suruali na majoho mepesi, bali wale walioitwa Gaesatae walivua nguo zote wakasimama mbele ya jeshi wakiwa na silaha zao tu. Atoa na sababu: majivuno yao, na hofu ya miiba ya mahali pale kunasa nguo zao. Aongeza kwamba safu za mbele zilikuwa na watu waliopambwa kwa vikuku vya dhahabu shingoni na mikononi, na kwamba mlio wa mabaragumu na kelele za jeshi zima uliwatia Warumi hofu. Diodorus wa Sicilia, aliyeandika katika karne ya 1 kabla ya Kristo, ni mwingi wa mambo zaidi. Asema kwamba Wagalia huvaa nguo zilizotiwa rangi za namna nyingi, suruali, na majoho ya mirabaraba yaliyofungwa kwa bizimu. Huosha nywele zao kwa maji ya chokaa na kuzivuta nyuma toka kipaji cha uso hadi kisogoni, zikawa nzito kama manyoya ya shingo ya farasi. Na wakuu wao hunyoa mashavu lakini huacha masharubu yafunike mdomo. Aeleza pia ngao zenye kimo cha mtu, zilizopambwa kila moja kwa namna ya mwenyewe, na chapeo zenye pembe au vichwa vya ndege na wanyama.

Mpakaji asomapo maneno hayo hufurahi, kwa kuwa aona kama amepewa maagizo kamili. Lakini ni vema akumbuke nani asemaye. Polybius alizaliwa yapata mwaka 200, yaani miaka ishirini na mitano hivi baada ya vita vile. Hakuwaona Gaesatae kwa macho yake. Diodorus naye alitegemea vitabu vya wengine. Tena wote wawili waliandika kwa wasomaji waliopenda kusikia kwamba watu wa kaskazini ni warefu, wakali, wenye kelele, na wepesi wa kukata tamaa. Mfano mmoja watosha kutuonya. Polybius asema kwamba panga za Wakelti zilikuwa laini kiasi cha kupinda kwa pigo la kwanza, hata mwenyewe akalazimika kuunyosha upanga wake kwa mguu. Uchunguzi wa panga zilizofukuliwa umeonyesha kwamba ubora wao ulitofautiana: nyingine zilikuwa hafifu, na nyingine zilikuwa kazi ya wahunzi hodari waliojua kuunganisha chuma laini na chuma kigumu. Upanga uliopatikana mwaka 1987 katika kaburi huko Kirkburn, Yorkshire, uliundwa kwa vipande zaidi ya sabini, na mpini wake ulipambwa kwa kioo chekundu. Mhunzi aliyeufanya hakuwa mtu wa kufanyiwa mzaha.

Habari ya uchi ndiyo iliyopotoshwa kuliko zote. Katika jumba la makumbusho la Capitolini, Rumi, imo sanamu ya marumaru ya Mgalatia anayekufa: ameketi juu ya ngao yake, uchi, ana kikuku cha shingoni, masharubu, na nywele nene zilizosukumwa nyuma. Sanamu hiyo ni nakala iliyofanywa na Warumi, na asili yake yadhaniwa kuwa sanamu ya shaba iliyosimamishwa Pergamon kwa ajili ya ushindi wa mfalme Attalus wa kwanza juu ya Wagalatia. Hapana shaka kwamba mchongaji aliwafahamu watu hao. Mambo ya nywele na kikuku yaafikiana na maandishi. Lakini Wayunani waliwachonga hata mashujaa wao wenyewe uchi, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya sanaa yao. Basi sanamu ile yathibitisha masharubu kuliko inavyothibitisha uchi. Na Polybius mwenyewe, akisomwa kwa makini, hakusema kwamba jeshi zima lilikuwa uchi. Alitenga kundi moja na kutaja nguo za wengine. Mpakaji anayepanga mezani jeshi la watu mia moja walio uchi hakumfuata Polybius, bali amemfuata msomaji mvivu wa Polybius.

Vivyo hivyo kwa rangi ya buluu. Caesar, aliyevuka bahari kwenda Britania mwaka 55 na tena mwaka 54 kabla ya Kristo, aliandika kwamba watu wote wa huko hujipaka kitu kilichoitwa kwa Kilatini vitrum, kinachotoa rangi ya buluu, na kwa hiyo huonekana wa kutisha vitani. Wataalamu wengi wamelifasiri neno hilo kuwa mmea fulani wa Ulaya ambao majani yake hutoa rangi ile ile itokayo katika nili. Wengine wamekataa, kwa kuwa neno lenyewe kwa kawaida lina maana ya kioo. Iwayo yote, yako mambo mawili yaliyo dhahiri. La kwanza, Caesar alisema hayo juu ya Britania, hakuyasema juu ya Wagalia aliopigana nao kwa miaka minane. Kwa hiyo kumpaka buluu askari wa Galia ni kumvika vazi la jirani yake. La pili, hakutaja michoro. Mizunguko na mafundo ya buluu tuyaonayo nyusoni mwa visanamu vingi yametolewa katika mapambo ya vyombo vya chuma na shaba, na kuhamishiwa ngozini kwa dhana tu. Sinema nazo zimeongeza fujo: ile iitwayo Braveheart, ya mwaka 1995, iliwapaka buluu watu wa William Wallace, aliyeuawa mwaka 1305, zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu baada ya Caesar kurudi kutoka Britania.

Shahidi wa pili ni mkono wa Wakelti wenyewe. Huyu husema machache, lakini hasemi kwa chuki. Huko Hirschlanden, kusini mwa Ujerumani, ilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1960 sanamu ya mawe ya yapata mwaka 500 kabla ya Kristo: mtu aliye uchi, mwenye kofia iliyochongoka, kikuku cha shingoni, na jambia kiunoni. Hapa basi uchi si masingizio ya adui. Ni heshima aliyopewa marehemu na watu wake, na huenda ulikuwa na maana ya ibada kuliko ya vita. Mwaka 1996 huko Glauberg, katika jimbo la Hesse, ilifukuliwa sanamu nyingine, yenye urefu wa mita 1.86 ingawa miguu yake imevunjika. Mtu huyu amevaa vazi la kujikinga kifuani, ana ngao, upanga ubavuni mwa kuume, masharubu na kidevu chenye ndevu fupi, na kichwani ana taji la ajabu lenye umbo la majani mawili makubwa. Shingoni ana kikuku chenye vining'inio vitatu. Na katika kaburi la jirani kilikutwa kikuku cha dhahabu kilichofanana nacho. Ni nadra sana katika elimu ya mambo ya kale jiwe na kaburi kutoa ushahidi mmoja kwa sauti moja namna hii.

Sanamu ya tatu ilipatikana mwaka 1892 huko Vachères, kusini mwa Ufaransa, nayo ni ya karne ya 1 kabla ya Kristo. Askari huyu amevaa deraya ya pete za chuma, joho begani, na kikuku shingoni; ameegemea ngao yake kwa utulivu. Nywele zake ni fupi, na uso wake umenyolewa. Huko Warumi walikuwa wamekwisha kutawala, na yamkini alikuwa akitumika pamoja nao. Lakini hakuacha kikuku chake cha Kikelti. Tukumbuke pia kwamba Varro, mwanachuoni wa Kirumi, aliwahesabu Wagalia kuwa ndio waliobuni deraya ya pete. Mshenzi aliye uchi wa masimulizi ya Kirumi ndiye aliyemfundisha askari wa Kirumi namna ya kuvaa chuma! Na kwenye sarafu za dhahabu zilizotolewa kwa jina la Vercingetorix, mkuu aliyewaongoza Wagalia dhidi ya Caesar mwaka 52, kuna uso wa kijana asiye na masharubu. Huenda uso huo ulifuata mfano wa mungu Apollo wa Wayunani kuliko sura ya mtu mwenyewe. Hata hivyo watuzuia kusema kwamba pasipo masharubu hapana Mgalia.

Shahidi wa tatu ni udongo, na pamoja nao maji, kinamasi na chumvi. Chumvi ya machimbo ya Hallstatt imehifadhi vipande vya nguo za sufu ambavyo vingalikuwa vumbi mahali pengine, na rangi zao zimepimwa: buluu itokanayo na mmea ule uliotajwa, njano ya majani ya porini, nyekundu, na hudhurungi. Vimo vitambaa vya mistari na vya mirabaraba. Hivyo Diodorus, katika jambo hili la nguo, alisema kweli, na hata nusu ya kweli hakuimaliza. Katika mambo ya chapeo pia udongo umemwunga mkono. Huko Ciumești, Romania, mwaka 1961 ilionekana chapeo ya chuma yenye ndege wa shaba juu yake, na mabawa yake yamefungwa kwa bawaba hata yaweze kupigapiga mwenyewe aendapo. Huko Tintignac, katika Ufaransa, mwaka 2004 lilifukuliwa shimo la mahali pa ibada lenye mabaragumu saba ya vita, mengi yao yakiwa na vinywa vya nguruwe mwitu, na chapeo moja iliyofanywa kwa umbo la bata maji mwenye shingo ndefu. Lakini chapeo yenye pembe, ambayo watengenezaji wa visanamu huipenda kuliko zote, imepatikana moja tu ya zama zile: ile iliyotolewa mwaka 1868 katika mto Thames, karibu na daraja la Waterloo huko London. Nayo ni ya bamba jembamba la shaba, haifai kupokea pigo la upanga. Bila shaka ilikuwa ya sherehe au ya kutolewa sadaka mtoni. Kisanamu kimoja chenye pembe chaweza kutetewa. Safu nzima yenye pembe haina mtetezi.

Zawadi kubwa kuliko zote kwa mpakaji ilitoka mwaka 2015 huko Enderby, karibu na mji wa Leicester, Uingereza. Ilipatikana pale ngao ya karne ya 4 au ya 3 kabla ya Kristo iliyofanywa kwa gome la mti na kukazwa kwa vijiti. Na juu ya gome lile kulikuwa na alama za mirabaraba iliyopakwa rangi nyekundu. Kwa muda mrefu watu walikuwa wakichora mapambo ya ngao kwa kubahatisha, kwa kuwa mbao huoza na rangi hupotea, na kinachobaki ni kitovu cha chuma peke yake. Sasa ngao moja, ya mtu asiyejulikana jina, imetuonyesha walau mara moja jinsi mkono wa zama zile ulivyopaka rangi. Si ngao ya dhahabu ya mfalme. Ni ngao ya gome. Na pengine kwa sababu hiyo ushahidi wake watufaa zaidi.

Hata udongo, pamoja na uaminifu wake, una hila zake. Shaba tuionayo katika majumba ya makumbusho ni ya kijani au nyeusi, lakini hiyo ni rangi ya karne zilizopita juu yake, si rangi ya siku ilipobebwa. Ngao iliyotolewa katika mto Thames huko Battersea mwaka 1857 iling'aa zamani kama dhahabu, na vioo vyake vyekundu viliwaka juani. Anayempaka askari shaba iliyochakaa amempa vazi la makumbusho. Marumaru nyeupe nayo yatudanganya vilevile, kwa kuwa sanamu za kale aghalabu zilitiwa rangi. Na maiti zilizohifadhiwa katika vinamasi mara nyingi zina nywele nyekundu, kwa kuwa maji ya kinamasi huzigeuza. Haifai kuzitumia kuthibitisha kwamba taifa zima lilikuwa na nywele nyekundu.

Sasa na tuangalie tatizo moja la kazi yenyewe, ambalo lina mafunzo mapana kuliko linavyoonekana. Kisanamu cha milimita 28 chawakilisha mtu aliye mkubwa kuliko chenyewe mara sitini hivi. Mraba wa kitambaa wenye upana wa sentimita moja, ukipunguzwa kwa kipimo hicho, huwa sehemu ya sita tu ya milimita. Hata katika kisanamu cha milimita 54 haufiki theluthi moja ya milimita. Hakuna burashi iwezayo kuchora joho lenye miraba mia kadhaa ya namna hiyo, na kama ingaliwezekana, jicho lingaliona ukungu wa rangi moja tu. Kwa hiyo mpakaji huchora miraba michache iliyo mikubwa, ili mtazamaji ajue kwamba nguo ilikuwa ya mirabaraba. Kadhalika huzidisha mwanga mabegani na kivuli katika mikunjo, kwa maana kitu kidogo hakipokei nuru kama kitu kikubwa. Je, huo ni uwongo? Kwa rula ni uwongo. Kwa maana ni kweli. Na mwandishi wa historia ni nani hata amlaumu? Yeye naye akiandika karne tano katika kurasa kumi, huchagua miraba michache na kuikuza, na mingine huiacha iyeyuke. Tofauti iko katika jambo moja: je, alichokikuza kilikuwamo katika kitambaa, ama alikibuni?

Walioshindwa kulijibu swali hilo si wapakaji wa visanamu peke yao. Mwaka 1865, baada ya Napoleon wa tatu kuagiza machimbuko mahali pa vita vya Alesia, ilisimamishwa huko Alise-Sainte-Reine sanamu ya Vercingetorix, kazi ya mchongaji Aimé Millet, yenye urefu wa karibu mita saba. Nywele ni ndefu, masharubu yameshuka hadi kidevuni, na mavazi na silaha zake zimekusanywa kutoka zama mbalimbali. Ufaransa ya wakati ule ilihitaji babu, nayo ikajifanyia babu wa kiasi cha haja yake. Warumi walikuwa wamewafanya Wagalia kuwa watisha-watoto. Wajukuu wao wakawafanya kuwa watakatifu wa taifa. Katika hali zote mbili Mgalia mwenyewe hakuulizwa.

Na kwa nini hakuwa na la kusema? Si kwa kuwa hakujua kuandika. Caesar mwenyewe ashuhudia kwamba Wagalia walitumia herufi za Kiyunani katika shughuli zao, lakini wanachuoni wao, walioitwa druidi, waliona haifai kuyaandika mafundisho yao. Wanafunzi wao wengine walikaa kwa muda wa miaka ishirini wakijifunza kwa moyo. Elimu hiyo ilikuwa hai maadamu watu wake walikuwa hai. Walipouawa au kutawanyika, au watoto wao walipopelekwa kusoma Kilatini, elimu ikazimika, na kalamu iliyobaki mezani ilikuwa ya mshindi. Mataifa mengi yaliyoweka hazina yao katika kumbukumbu yamepatwa na jambo hilo hilo, na mwanafunzi wa historia hana budi kulijua kila afunguapo kitabu cha msafiri, cha jemadari, au cha mtawala.

Basi mpakaji mwenye insafu afanyeje? Ayapange mambo yake katika daraja tatu. Daraja ya kwanza ni yale yaliyoshuhudiwa na mashahidi wawili au watatu walio mbali mbali: kikuku cha shingoni, nguo za mirabaraba, ngao ndefu, upanga ubavuni mwa kuume, deraya kwa wenye mali. Haya ayapake bila kusita. Daraja ya pili ni yale yaliyosemwa na shahidi mmoja tu, kama nywele za chokaa na buluu ya Britania. Haya ayapake kwa wachache, mahali pake na wakati wake. Daraja ya tatu ni yale ambayo hakuna aliyeyashuhudia ila hayapingani na lolote, kama mapambo ya ngao hii au ile. Hapa ana uhuru, lakini uhuru wake una mpaka: atumie rangi ambazo mimea na udongo wa zama zile zingeweza kutoa, na mapambo ambayo mikono ya wakati ule na nchi ile ilikuwa ikiyafanya. Tena asiwafanye watu wote sawa. Jeshi lisilo na sare ni jeshi la watu mmoja mmoja. Huyu ana joho jipya, yule la baba yake lililopauka. Huyu ana masharubu, yule amenyoa. Adui ndiye aliyewaona wote kuwa mtu mmoja.

Kazi ikisha kumalizika, kisanamu hakitajaza kiganja cha mtoto, na watazamaji wengi watakisifu kwa uzuri wake na kupita. Lakini chini ya kiti chake, mahali pasipoonekana, mpakaji mwema huandika mwaka na nchi. Na kama nafasi yatosha, huandika pia alichokitwaa kwa Polybius, alichokitwaa kwa jiwe la Vachères, na alichokitia yeye mwenyewe. Maandishi hayo madogo ndiyo yampayo atakayekuja baadaye njia ya kukihakiki kisanamu chenyewe, na kukipaka upya udongo utakapotoa ngao nyingine.